Mrija wa Amuge

Ukimwi Waganda waliuita slim, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Sisi wa Malaba tuliuita ugonjwa wa madereva, nao madereva wakauita ugonjwa wa Malaba. Kila mtu alimsukumia mwenzake, huku makaburi yakiongezeka pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Redio ilisema dunia nzima inaumwa, tukadhani dunia ni kwingine.

Jirani yangu Amuge alimzika mumewe, Echodu, mwaka wa tisini na tatu. Echodu alikuwa utingo wa malori ya Kigali. Baada ya matanga Amuge alivuka hadi Tororo, akapimwa, akarudi na kutuambia wazi kwamba anao. Wengine walificha karatasi zao chini ya godoro. Yeye alisema sokoni, tena kwa sauti. Dawa haikuwepo, si huku wala huko. Mgonjwa alikuwa na watu wake tu, na hao ndio waliokuwa wakimkimbia.

Sasa, sisi Wateso tunakunywa ajon, pombe yetu ya nafaka ya wimbi inayoongezwa maji moto, tukizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Ukikosa nafasi pale huna ukoo. Jumapili moja shemeji yake, mzee Ojakol, alimwekea Amuge kichungu cha peke yake kando ya banda la kuku. Kilikuwa kipya na kizuri. Mzee alidhani amefanya ustaarabu.

Amuge alikitazama, akachukua mrija wake, akautumbukiza kwenye chungu kikubwa.

Sote tukachomoa yetu, tukainuka. Hata mimi, niliyekula kwake miaka kumi, nilichomoa. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

"Huko Tororo nilifunzwa," Amuge alisema. "Hii kitu haipiti kwa mrija. Na hii pombe nimepika mimi. Kama mnaogopa, endeni mkunywe soda. Mimi siendi kukaa na kuku."

"Shemeji, usilete vita," Ojakol alisema.

"Vita mmeleta nyinyi, mzee. Bwana yangu ndio amekufa. Mimi mnanizika nikitembea?"

Akakaa, akavuta pombe yake taratibu, macho makavu.

Mama mkwe wake, Amoding, alikuwa ameshazika watoto watatu kwa ugonjwa huohuo. Bibi yule aliburuta kigoda chake hadi ubavuni mwa Amuge, akarudisha mrija wake chunguni.

"Ongeza maji moto, mwanangu," alisema. "Hawa wakimaliza kuogopa watapata imeisha."

Tukabaki tumesimama, mirija mikononi, pombe ikitudondokea miguuni. Hakuna aliyethubutu kuondoka wala kukaa. Aibu ilinichoma kuliko ile hofu, nikasogea.

Amuge hakunitazama. Alivuta kiti chake pembeni kidogo, nikapata pa kukaa.