Boha ya Kuleta Maziwa

Pale Lukozi mwanamke akijifungua, hata kabla majirani hawajauliza kama ni wa kike au wa kiume, Yusta ameshafika na sufuria yake. Hajaitwa na mtu. Ni mjane mnene wa sauti kuliko wa mwili, analima kabichi kwenye mteremko ambao mgeni angeogopa hata kuupita, na amejipa mwenyewe kazi ya kulea wazazi wa kijiji kizima. Anakanda tumbo, anapika uji wa pilipili manga, anafukuza wageni waliokaa mno. Kisha anamimina boha, pombe ya miwa anayoipika kwa mkono wake, kikombe asubuhi na kikombe jioni, ili maziwa yatoke. Nani angebishana naye? Watoto aliowapokea hivyo wamekua, wengine sasa wana pikipiki na kiburi.

Basi mkamwana wake mwenyewe, Sesilia, alipojifungua mtoto wa kiume, Yusta alijiandaa kuwaonyesha watu malezi ni kitu gani. Mwanawe Kristian alikuwa Dar es Salaam akiuza mboga, nyumba ikabaki mikononi mwake, na hivyo ndivyo alivyopenda.

Lakini maziwa hayakutosha. Mtoto alilia, na Sesilia alimpakata kama mtu aliyeachiwa mzigo wa abiria mwenzake. Ukimuuliza hali, anajibu kwa Kishambaa, "Ni vedi," nzuri tu, huku anatazama ukuta. Yusta akaongeza boha. Sesilia akainywa yote, na baada ya muda akawa anaiomba mwenyewe. Yusta alifurahi sana. Mkamwana msikivu namna hii unampata wapi?

Siku moja alirudi shambani akakuta mtoto yuko peke yake kitandani, amelia mpaka sauti imekauka. Sesilia alikuwa nyuma ya jiko, amechuchumaa, ameziba masikio kwa mikono miwili. Hapo hofu ikamwingia Yusta na haikutoka. Alimkumbuka jirani mmoja wa zamani aliyebadilika hivyo hivyo baada ya kuzaa. Watu walisema amerogwa. Ukoo wa mume ukamchukua mtoto, mwanamke akarudishwa kwao Mlola, na hakumwona mwanawe tena. Yusta alimpenda Sesilia, ingawa neno hilo lisingemtoka kinywani hata kwa kubanwa. Akawaambia majirani kwamba mzazi ana homa kidogo, akafunga mlango.

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Nesi alikuwa binti wa Kiislamu aitwaye Mwanahamisi, mpole, mwenye shikamoo yake safi. Alimpima mtoto, akatazama mizani, akampima tena. Kisha akamgeukia Yusta.

"Mama, naomba utupishe kidogo, ukae nje. Kila mzazi tunamuuliza maswali yake peke yake."

"Maswali gani hayo ya kumficha mama mkwe? Penye wengi hapaharibiki neno."

"Ni kweli, mama. Ila leo tuanze na wachache."

Yusta akatoka amevimba kwa hasira. Alikaa kwenye benchi, na hasira ilipopoa akagundua kwamba chini yake ilikuwa hofu tupu. Wakijua, watamchukua mtoto. Watamrudisha na Sesilia kwao. Alijaribu kusali, maneno yakamkimbia.

Mlango ukafunguliwa. "Ingia, mama," Mwanahamisi alisema. "Sesilia mwenyewe ameomba uwepo."

Sesilia alikuwa na macho mekundu. Nesi akasema, "Nilimuuliza kama anakunywa pombe, akasema hapana. Halafu nikamuuliza anapewa nini cha kuleta maziwa. Kasema nikuulize wewe."

Hilo Yusta alilijua vizuri, akapata nguvu. "Uji wa pilipili manga. Supu ya kuku. Na boha, asubuhi, mchana na jioni. Akilia sana, na usiku." Alipoona nesi anaandika, akaongeza, "Si pombe, mwanangu. Pombe ni ile wanayokunywa wanaume kilabuni. Hii ni dawa."

"Na ile ya kilabuni anaipika nani?"

Yusta akasema polepole, "Mimi."

"Mama," Sesilia alisema bila kuinua uso, "mimi siinywi kwa ajili ya maziwa. Nikinywa, mawazo yananyamaza. Nawaza nimwache mtoto mahali, niende zangu, apate mama mwenye akili."

Kikombe alikimimina Yusta mwenyewe, na kwa majivuno. Lakini alilouliza lilikuwa moja tu. "Mtamchukua mtoto?"

"Nani amchukue?" Mwanahamisi alisema. "Huu ni ugonjwa, mama. Huwapata wanawake baada ya kujifungua, na una tiba. Kesho nitakwenda naye kwa daktari Lushoto. Boha itapunguzwa kwa utaratibu atakaosema yeye, msiikate ghafla. Maziwa haileti, inayazuia. Usiku umsaidie na mtoto ili apate kulala, na msimwache peke yake."

Yusta akashusha pumzi ndefu, nafuu ikamwenea mwili mzima. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Lukozi haijawahi kuisikia, "Huwapata wengi?"

"Wengi sana. Ila hawaulizwi."

"Kristian nilimlaza kwenye matuta ya kabichi, nikaondoka," Yusta alisema. "Mama mkwe wangu alikuwa amenipa boha. Nilifika mtoni nikasema sirudi. Sijamwambia mtu, hata padri."

Sesilia akainua uso. "Lakini ulirudi, mama."

"Nilirudi," Yusta alisema, kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa habari hiyo, na akalia mbele yao bila kuficha uso.

Sesilia alipata dawa na mtu wa kuzungumza naye. Haikuwa kazi ya wiki moja, lakini alianza kulala, kisha kula, na asubuhi moja Yusta akamsikia akimwimbia mtoto, akaacha jembe mlangoni akasikiliza. Kristian alirudi, akaelezwa yote, na lile la kwenye kabichi akaelezwa pia. Alichukua shoka, akaenda kumkatia mama yake kuni.

Yusta hapiki boha tena kwa ajili ya wazazi. Siku hizi akifika kwa aliyejifungua, anawatoa watu wote chumbani, na mama mkwe akinung'unika ndiye anayetoka wa kwanza. Anafunga mlango, anakaa karibu, anasema, "Mimi wangu nilimwacha kwenye kabichi, nikaenda mpaka mtoni. Wewe je, mwanangu, umefika wapi?"