Bustani Inayofunguliwa Saa Nne

Aliyeamua kwamba bustani ya kutazamia mlima ifunguliwe saa nne asubuhi hajawahi kuishi Kilimanjaro, au kama ameishi, basi hulala mpaka mchana. Huku kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba Kibo, kilele cha mlima wetu, huamka mapema na kujifunika mapema. Alfajiri utaiona yote. Jua likipanda kidogo, wingu nalo linapanda kutoka msituni, na ikifika hiyo saa nne yao hakuna mlima tena mpaka jioni. Ni sawa na mtu kufungua mgahawa wa supu saa kumi alasiri, halafu ajisifu kwamba ana supu nzuri.

Nasema kwa uchungu, na uchungu wenyewe ni wa mama yangu.

Mama ana presha ya macho. Daktari alishatuambia kwamba kilichopotea hakirudi, tutunze kilichobaki kwa dawa ya matone. Jicho la kushoto limekwisha kabisa. La kulia linaona kwenye mwanga mkali tu. Jua likianza kushuka anapapasa kuta na kujigonga kwenye stuli. Anaishi na mimi Shirimatunda, chini mjini, na kutoka uani kwetu mlima uko mbali mno kwake.

"Naona kitu kama moshi," aliniambia siku moja asubuhi. "Nipeleke kule kilimani nilikokuwa nakata majani. Kule upo karibu. Niuone vizuri mara moja, halafu macho yafanye yanavyotaka."

Kilima hicho kiko juu ya kijiji alikozaliwa, upande wa Kibosho. Zamani kilikuwa cha kila mtu. Wanawake walikata majani ya ng'ombe, watoto waliteleza juu ya maganda ya migomba, na aliyetaka kutazama mlima aliutazama bila kuulizwa kitu. Nilikuwa nimesikia kwamba wamepafanya bustani, nikafurahi hata. Haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kufunga kilima kwa kufuli.

Tuliondoka na gari langu Jumamosi kungali giza, maana Jumapili mama hakosi ibada. Alivaa kitenge cha kanisani na sweta, akapakata kapu lenye chupa ya chai na kiburu, zile ndizi zetu za kuponda na maharage. Barabara ilitutikisa mpaka nikaihurumia mifupa yake, lakini yeye alikuwa anaimba. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza tulipofika mbele ya geti la chuma na ukuta uliozunguka kilima chote, mrefu kunizidi.

Nikapanda kwenye bampa ya gari nikachungulia. Kibo ilikuwa wazi yote, nyeupe, karibu kiasi kwamba nilitaka kupiga kelele. Mama alikuwa amesimama chini yangu, ameinua uso, anangoja nimwambie atazame wapi. Mbele yake palikuwa na matofali tu.

Mlinzi akatoka kwenye kibanda chake, mwanamume wa rika langu, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama, mama. Lakini tunafungua saa nne."

"Saa nne mlima utakuwa haupo!" nikasema kutoka juu ya bampa.

"Ni kweli, dada. Unakuwa umeshafunikwa."

"Sasa watu wanakuja kutazama nini?"

Akafikiri kidogo. "Wanapiga picha."

Nikashuka nikamweleza habari ya macho ya mama. Nilimwomba, nikambembeleza, mwishowe nikafoka. Akasema angekuwa na uwezo angefungua, lakini ufunguo anao meneja. Meneja anafika saa ngapi? Saa nne. Hapo sauti yangu nadhani ilisikika mpaka parokiani.

"Hasira hasara," mama akanivuta mkono. "Usimgombeze mtoto wa watu."

Nilitaka kumwambia kwamba hasara tulikuwa tumeshaipata, hasira ndiyo kwanza inaanza. Kwa heshima yake tu nikamwacha mlinzi, nikamfungulia mama mlango. Tukakaa garini. Kila baada ya muda aliuliza, "Bado upo?" nami nikapanda bampa. Upo, mama. Upo. Umebaki nusu. Baadaye sikupanda tena, naye hakuuliza.

Meneja akaja na gari lake, akafungua bila hata kututazama. Kiburu kikabaki nje, eti chakula cha nje hakiruhusiwi. Ndani kulikuwa na twiga wa saruji, muziki wa kupasua masikio, na fremu ya umbo la moyo ya kusimama upigwe picha. Mabenchi yote yalielekea televisheni ya kantini. Yaani umejenga mahali pa kutazama mlima mrefu kuliko yote Afrika, halafu unamkalisha mtu akiwa ameupa mgongo!

Mama aliigusa bustani kwa fimbo yake mpaka akafika kwenye majani laini. Nikamsomea kibao: usikanyage majani.

"Ya ng'ombe gani haya?" akauliza.

"Hayaliwi, mama. Ni ya kutazama."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Nikamtafutia kiti cha plastiki, nikakiweka juu kwenye vigae, ukuta ulikokuwa chini yetu, nikakigeuza kielekee kaskazini, kwenye wingu. Nilimsihi turudi nyumbani. Akakataa. "Jioni hufunguka. Tungoje." Tukangoja, na chipsi zao za mafuta, na muziki wao, mchana kutwa.

Filimbi ya kufunga ilipolia, wingu lilikuwa limeanza kutawanyika. Mlinzi wa asubuhi alikuwa bado yuko kazini, akaja akainama.

"Mama, samahani, tunafunga."

Nilifungua mdomo, lakini mama aliniwahi. Yeye aliyenituliza tangu alfajiri alipiga fimbo chini kwenye vigae mpaka watu wakageuka.

"Sitoki!"

"Mama, meneja ata..."

"Mwambie meneja wako aje anibebe yeye mwenyewe. Nimekata majani hapa kabla hajazaliwa. Asubuhi mmenifungia nje, jioni mnanifukuza. Sitoki, nimesema!"

Muziki ukazimwa. Huku kwetu nani ataanza kumburuta bibi wa umri ule mbele za watu? Mlinzi akaitia filimbi mfukoni, akasimama nyuma ya kiti.

Kisha wingu likaondoka. Likaondoka lote, Kibo ikatokea na wekundu wa jua linalozama, na kilele kidogo cha Mawenzi kulia kwake. Waliokuwa wakitoka wakasimama. Nilipiga magoti, nikamshika mama kidevu taratibu, nikauelekeza uso wake pale pale. Akakodoa jicho la kulia. Akalifuta kwa ncha ya kitenge, akakodoa tena.

"Hawa watu," akasema, "hata wingu lao haliondoki."

Mlinzi akanitazama. Nikashindwa kumtazama.

"Bado kidogo, mama," nikasema.

"Basi tungoje."

Tukangoja, mpaka hata sisi wenye macho hatukuuona tena.