Tuba Yangu Iko Chini ya Mawe

Kwetu Murara kila mutu anajua kuzika vitu. Kwingine wanazika wafu tu. Sisi tumezika masufuria, redio, cherehani, na jirani yangu mumoja alizika baiskeli nzima akapanda maharagi juu yake. Waasi wakija, unachimba shimo. Wakienda, unafukua. Kwa hiyo musishangae nikisema tuba yangu, ile trompeti nene kuliko zote, iko chini ya mawe mpaka leo, na walioiweka pale walikuwa watu wenye akili timamu. Nitawataja. Majina sitaandika, lakini mutawajua.

Nianze na muzee. Alikuwa mwalimu wa fanfari, bendi ya trompeti na ngoma ya kartie yetu, mutaa wa Murara, na tena chefu wa nyumba kumi zetu. Kazi hizo mbili alizipika kwenye moto mumoja. Ukigombana na jirani kwa sababu ya mutaro wa maji, muzee anawaita kwenye kiwanja chake, wewe anakupatia trompeti, jirani anapata ngoma, na munapiga wimbo mumoja mpaka mwisho. Mumoja akipotea, munarudi mwanzo. Hiyo ilikuwa sheria yake, haikuwa na msamaha: ukipotea, munarudi mwanzo. Hasira ilikuwa inachoka kabla ya midomo. Jumamosi ya salongo, wakati kartie nzima inatoa takataka kwenye mitaro, fanfari ilisimama nyuma yetu ikipiga mbio mbio, na hata wavivu walijikuta wanachimba kwa mwendo wa ngoma. Mumoja wao alikuwa analala juu ya pawa yake ya kuchimbia hata katikati ya kelele ile. Mumukumbuke huyo, atarudi.

Na kila mufu wa Murara ambaye familia yake ilikubali, muzee alimusindikiza na fanfari mpaka makaburini.

Mimi masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa shule ya musingi. Muzee alinikuta kando ya barabara nikipuliza moto wa mandazi ya mama.

"Binti, hayo mapafu ulinunua wapi?"

"Niko nayo tangu zamani, muzee."

"Usiyamalizie kwa makaa."

Baba yangu alikuwa dereva, alileta samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi, na hakupenda. "Nyumbani tuko na honi moja, ya kamio," alimuambia muzee. "Inatosha."

"Papa, honi yako inajua neno moja tu. Huyu nitamufundisha mengine."

Lakini kwa muzee hakuna mutu aliyegusa chombo kabla ya kuimba sehemu yake yote kwa mudomo. Wa trompeti wanasema ta-ra-ra. Mimi wa tuba ninasema bum, na bum ya muzee ilikuwa na kimo chake, haikuwa bum ya kuangusha gunia. Nilienda ziwani na kurudi nikisema bum, ndoo kichwani, mpaka wamama wakamushauri mama yangu aniombee, labda ni mapepo. Nikamuuliza muzee chombo nitakishika lini.

"Tuba wanaweza kukuibia," alisema. "Mudomo, labda wakung'oe kichwa kizima."

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka mazishini, matope mpaka magotini. Akasema: "Mimi nimewasindikiza wote. Musije mukanipeleka kimya kama gunia la viazi. Mukifanya hivyo, nitarudi." Akaniangalia mimi. "Bum yako ndiyo ninataka kusikia nyuma ya sanduku." Nikaahidi. Kuahidi ni rahisi wakati tuba iko begani.

Waasi wa kwanza walipokuja, tulifunga vyombo ndani ya mashuka, tukavizika nyuma ya jiko la muzee. Shimo la tuba ni kama la kuzika ndama. Waasi waliiba mbuzi, waliiba hata milango, vyombo hawakuona. Tulipofukua, ndani ya trompeti moja mulikuwa na chura, na muzee akasema huyo anaimba vizuri kidogo kuliko wenye trompeti. Waasi wa pili walikuja, tukazika, walipotulia tukafukua. Basi ikaingia ndani ya damu: hatari ni shimo.

Ndipo mulima ukapasuka. Mbingu nyekundu, harufu ya kiberiti, watu wanakimbilia mupakani, magodoro kichwani. Muzee akasema: "Kila mutu achukue chombo chake, twende."

Sasa ninamutaja wa kwanza. Ni mupiga trompeti wetu mukubwa, yule ambaye leo anauza samaki wa sambaza kule Kituku, karibu na pahali mitumbwi inafikia, mwenye kofia ya bluu. Yeye ndiye alisema: "Muzee, njiani askari watatunyang'anya. Tuzike kama siku zote."

"Hawa si askari," muzee alisema. "Huu ni moto."

"Moto unapita juu, muzee. Vitu viko chini."

Neno hilo nimeliandika polepole, kwa sababu mwenyewe analikana mpaka leo. Wa pili ni shemasi, mupiga klarineti, ambaye alitikisa kichwa kukubali na kusema udongo hausaliti mutu. Muzee alikuwa mumoja, wao walikuwa wengi na majembe mukononi. Tukazika. Nilivuka mupaka mikono mitupu, nyuma ya jirani aliyebeba mulango wa nyumba ambayo tayari ilikuwa inawaka.

Tuliporudi, udongo ulikuwa bado unachoma kandambili. Kiwanja cha muzee kilikuwa jiwe jeusi, limepita paa la jiko. Moto ulipita juu kweli. Halafu ukabaki pale pale.

Nilikaa chini nikalia, nikainuka haraka kwa sababu jiwe lilikuwa la moto. Muzee alizunguka, akapiga jiwe kwa fimbo, akasikiliza.

"Waasi hawatavipata," alisema. "Hiyo tumeshinda."

Alijenga nyumba ya mbao juu ya jiwe lile lile, na juu yake aliendelea kufundisha kwa midomo. Tulikuwa tunaimba tukikanyaga vyombo vyetu. Wageni fulani walituletea trompeti mbili, zikapitia kwa bwana mumoja wa ofisi ya kartie, huyu ni wa tatu. Nilizikuta kwenye baa yake, zimesimama juu ya kaunta, zimewekwa maua. Nikamuambia muzee, nikingoja akasirike.

"Angalau zinapata maji," alisema.

Yeye alisahau kila kitu. Mimi ndiye nilibaki na kazi ya kukumbuka ubaya wa watu, na sijapata wa kunisaidia.

Muzee alikufa wakati wa waasi hawa wa mwisho, kwa ugonjwa, juu ya kitanda chake, kitu ambacho kwetu ni heshima kubwa. Wakubwa wapya walikuwa wamekataza ngoma na honi barabarani. Chefu mupya wa nyumba kumi, na huyu ni wa nne, yule aliyelala juu ya pawa, alikuja matangani akasema: "Wapendwa, tumupeleke kimya. Tusitafute matatizo."

"Ulilala salongo zote," nilimuambia, "leo unataka sisi wote tulale."

"Mama, uko na tuba wapi wewe?"

Hapo alinikamata. Nilimuangalia muzee ndani ya sanduku, akili yangu ikaenda kwenye gunia la viazi.

Walipobeba, nilisimama nyuma, nikakaza kikwembe kiunoni, nikasema: bum. Watu wakageuka. Bum. Mimi bibi mwenye wajukuu, katikati ya barabara. Halafu shemasi akaingia na klarineti ya puani, sauti imezeeka lakini njia anaijua. Halafu wa Kituku, ta-ra-ra, kofia ya bluu mukononi. Watoto wa fanfari wote, wenye mvi na wenye matumbo, tukashuka hivyo mpaka kwenye bariere ya askari.

Askari akateremusha kamba. "Muziki umekatazwa. Vyombo viko wapi?"

"Hakuna, mukubwa," chefu akasema, jasho linatiririka.

Askari akazunguka sanduku, akafika kwangu. "Mama, umeficha nini?"

"Mapafu."

"Na hiyo tuba niliisikia?"

"Iko Murara, chini ya mawe. Uende na jembe."

Mwenzake akacheka. "Walikataza vyombo," alisema, "midomo hawakusema." Kamba ikapanda.

Tukaanza kupita. Sanduku lilikuwa limeshavuka wakati yule wa Kituku aliingia amechelewa, pale pale alipokuwa anachelewa miaka yote. Nikanyamaza. Shemasi akanyamaza. Mupiga trompeti akatuangalia, akainamisha kichwa, akajua.

"Kuna nini tena?" askari akauliza.

"Amepotea," nikamuambia. "Tunarudi mwanzo."

Wenye kubeba hawakuuliza. Walirudi nyuma na sanduku mpaka ng'ambo ya kamba tulikotoka, wakasimama, wakaningoja mimi.