Tarehe ya Pembeni

Kwa miaka kumi na tisa Awuor alichapa barua za watu katika kibanda chake cha kompyuta pale Migosi, na jambo moja alilojifunza ni kutouamini umeme. Umeme wa Kisumu hauagi. Kwa hiyo mkono wake wa kushoto ulijiotea akili yake wenyewe: kila baada ya sentensi mbili, vidole viwili vilibonyeza amri ya kuhifadhi kazi, hata kama mawazo yake yalikuwa sokoni. Wanafunzi wake aliwafundisha hivyo hivyo. "Hifadhi kwanza, fikiri baadaye," aliwaambia. Aliyelishika somo hilo kuliko wote ni Tom, mtoto wa shemeji yake Owiti, aliyekula ugali wake miaka miwili na kutoka pale na cheti kilichompeleka Nairobi.

Mkono huo ndio uliokuja kumnyima shamba.

Shamba lenyewe liko Pap Onditi. Mumewe, Okello, alikuwa msaidizi wa mpima ardhi. Mwaka 2009, baba yake angali hai, alilipima boma lote na kulichora kwenye kompyuta, mstari wa mpaka ukipita kati ya nyumba yake na ya mdogo wake Owiti. Miaka miwili baadaye Okello alikufa, akazikwa mbele ya nyumba yake. Baba yao akamfuata. Waliokuwa wakiukumbuka ule mstari wakaisha mmoja mmoja, na Owiti akaanza kupanda mkonge kama ua wa mpaka. Kila msimu wa mvua mkonge ulisogea. Mwaka huu ulifika hatua nne kutoka kaburini.

"Nyar Alego," Owiti alimwambia, akimwita kwa jina la kwao kama wanavyoitwa wake wote wa boma lile, "wewe ni mtu wa Migosi. Mpaka umeujulia wapi?"

"Mume wangu aliuchora."

"Basi mwite aje atuonyeshe."

Wazee wakapanga kikao, Jumamosi.

Kompyuta ya Okello ilikuwa imekufa zamani, lakini diski yake Awuor aliihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti, imefungwa kwa leso. Shida ilikuwa programu ya kuchorea. Laptopu yake ya sasa haikuitambua kabisa, kama mjukuu asiyeelewa maneno ya nyanya yake. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi alifunga mlango wa kibanda, akaanza kujenga kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya.

Kwanza aliingia kwenye mipangilio ya chini kabisa ya laptopu na kuiruhusu ibebe mashine nyingine tumboni. Kisha akamega. Katika gigabaiti nane za kumbukumbu akaipa mashine changa moja. Akaitengea diski ya gigabaiti kumi ambayo kwa kweli ilikuwa faili tu. Mashine ile isingejua kamwe kwamba haina mwili. Sidii ya Windows XP ilikuwa na mikwaruzo, ikakwama katikati. Akaifuta kwa upindo wa gauni, akaanza upya, ikapita. Namba ya leseni aliisoma kwa tochi kwenye kibandiko kilichochujuka, mgongoni mwa kasha kuukuu la kompyuta ya Okello.

Ule muziki mfupi wa kufungulia ukalia, na kilima cha kijani kikajaa ndani ya dirisha dogo. Okello alizoea kusema hicho ni kilima cha Nyabondo kabla watu hawajakilima.

Kisha akaichomeka diski ya Okello, akaipa mashine ile diski yenyewe, si nakala. Kila mwanafunzi wake alifundishwa kunakili kwanza. Lakini subira ya kunakili hakuwa nayo siku hiyo.

Programu ya kuchorea ilikuwa humo pia, na mchoro ukafunguka. Mstari ulikuwa pale pale alipoujua. Pembeni chini kulikuwa na jina la Okello, na tarehe: 14 Machi 2009.

Taa ya darini ikapepesa. Mara moja tu, na laptopu ilikuwa na betri yake. Lakini mkono wa kushoto ulishaona na kubonyeza. Akili ilipofika, programu ilikuwa imefuta faili la zamani na kuandika jipya mahali pake, kama programu za siku zile zilivyofanya, na tarehe ya pembeni ikawa ya Alhamisi ile.

Dawa aliijua. Kurudisha nyuma saa ya ile mashine, kuhifadhi tena, basi. Hata chai isingewahi kuchemka. Alimfikiria Okello, aliyewahi kurudi kilomita mbili kwa miguu kwa sababu ya kigingi kimoja alichokisoma vibaya. Akauchapisha mchoro jinsi ulivyo.

Jumamosi, mzee aliyeongoza kikao aliivaa miwani yake, akaikagua karatasi.

"Mama, Okello alifariki lini?"

"Elfu mbili kumi na moja, Mzee."

"Na hii imechorwa Alhamisi."

"Kumbe amefufuka!" mtu akadakia kutoka nyuma. "Na hata hakuja kutusalimu."

Watu wakacheka. Awuor alieleza habari za diski, za mashine ndani ya mashine, za mkono wake. Kila alivyozidi kueleza ndivyo ukweli ulivyozidi kufanana na uongo.

"Kompyuta ndani ya kompyuta," Owiti alisema polepole, akiwatazama wazee. "Kesho atatuletea shamba ndani ya shamba."

Awuor akamgeukia Tom, aliyekuwa ameketi kando ya baba yake na viatu vyake vya Nairobi.

"Tom, waambie. Wewe unajua."

Tom alisimama, akasafisha koo. "Wazee, kompyuta huandika tarehe ya siku faili lilipohifadhiwa."

Akaketi. Hakuna neno katika hayo lililokuwa la uongo.

"Si mmesikia?" Owiti akasema. Na mkonge ukabaki ulipo.

Tom alimfuata hadi langoni. "Mama, pole." Alichokora vumbi kwa ncha ya kiatu. "Lakini kwani ulisahau? Ungerudisha saa nyuma tu. Mimi nisingesema kitu."

"Hukusema kitu," Awuor akamjibu.

Jumatatu, kabla ya kumfungulia mteja wa kwanza, aliiwasha tena ile mashine. Akarudisha saa yake hadi 14 Machi 2009, apate tu kujua ingemchukua muda gani. Mibonyezo mitano. Mchoro hakuufungua. Mashine hakuizima wala kuifuta. Aliliteremsha lile dirisha hadi ukingo wa chini wa kioo cha laptopu na kuiacha ihesabu siku zake. Humo ndani kesho itakuwa Jumapili, tarehe kumi na tano, mkonge haujapandwa, na Okello amebakiza miaka miwili.