Gari Lililonipa Habari za Mke Wangu

Nakumbuka siku moja alfajiri nilifungua kapo, kifuniko cha injini, ya gari la mke wangu, nikaingiza sirinji katika kikopo cha mafuta ya usukani, nikayavuta karibu yote na kuyamwaga nyuma ya choo. Muda mfupi baadaye aliliwasha gari hilo akashuka nalo mlima wa Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu. Nilitaka gari lilie. Kwamba angeweza kuumia, mwanangu, sikulifikiria kabisa, na ndiyo sababu nakueleza haya.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nikifanya kazi katika maktaba ya chuo, na nyumbani nilifika mapema. Mke wangu, Furaha, ni mtaalamu wa kilimo. Kazi yake ilikuwa Kavumu, nje ya mji. Gari alilinunua yeye, kuukuu tayari, na pampu inayolainisha usukani ilikuwa mbovu. Kila alipokata kona ilikoroma, mlio mrefu unaopanda, kama mtu anayelalamika bila kufungua mdomo. Barabara ya kupanda kwetu ina kona tatu: penye bomba la maji, penye kanisa, na chini ya ukuta wetu. Nikiwa sebuleni nilizisikia zote.

Majirani waliona kero. Mimi nilikuwa napima muda. Furaha alikuwa akimpakia mfanyakazi mwenzake, kijana mrefu ambaye mashati yake yalipigwa pasi vizuri kuliko yangu, na kumshusha penye kanisa. Kutoka bombani hadi kanisani ni dakika moja. Zikifika nne, chai ilinipoa mkononi.

"Mulisimama wapi?" nilimuuliza jioni moja.

"Nilinunua makala, Papa Aline. Iko mu kofre. Enda uhesabu."

Nilikwenda. Makaa yalikuwepo kwenye buti. Sikutulia.

Kisha akampelekea gari fundi Bisimwa, mzee mwenye gereji ndogo karibu na soko. Bisimwa alikuta mpira wa mafuta umelegea na unaingiza hewa. Akaukaza, akaongeza mafuta, akazungusha usukani kulia na kushoto mpaka mapovu yakaisha. Jioni ile nilikuwa nimetega sikio, mara nikamkuta Furaha amesimama mlangoni, anacheka.

"Hukunisikia? Sasa niko na gari ya wakubwa."

Nilicheka pia. Ndani yangu niliona nimeporwa. Sikujua tena alipokuwa, wala alipokawia. Baada ya siku sita nilinunua sirinji kwenye duka la dawa.

Mlio ulirudi. Furaha akarudi kwa fundi, fundi akajaza mafuta, nikavuta tena. Mara ya tatu, ile alfajiri niliyoitaja, pampu ilikuwa imeshasagika kwa kukaushwa. Penye kona ya kanisa usukani ukawa mgumu kama jiwe. Furaha hakuweza kuukata kwa wakati. Gari liliangusha meza ya mama mmoja muuza sambaza, visamaki vya ziwani, na kuingia mtaroni. Mama yule alikuwa ameinuka kwenda kuomba chenji kwa jirani. Furaha aliteguka mkono.

Bisimwa aliniita nije peke yangu.

"Papa, nilipanguza mipira yote. Ni mikavu. Hii mafuta inaenda wapi?"

"Labda ni wezi."

Alinitazama, akafuta mikono polepole. "Mwizi wa Bukavu anaacha batri, anachukua kikombe kimoja cha mafuta ya volan? Huyo mwizi anaonea nani wivu?"

Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba yeye ameoa miaka arobaini, na mke wake huuza vitambaa sokoni, hurudi saa anayorudi.

"Na weye haumuulize?"

"Ninamuuliza kama alikula."

Nikamwomba asimwambie Furaha. Aliinama tena juu ya injini. "Gari ni ya madame. Akiniuliza, nitamujibu."

Mwanangu, yule kijana wa mashati mazuri sikuwahi kumwona na kosa lolote. Lakini hata kama angekuwa nalo, nisikilize: mtu akikutia shaka, muulize kwa mdomo wako, mchana, ukiwa tayari kuliamini jibu au kuondoka. Usimchunguze kwa kuharibu kitu anachokitegemea. Wivu hukuambia unataka kujua tu, na ukishajua jambo moja hukutuma kutafuta la pili. Mimi nilijua kila kona aliyokata mke wangu, na sikujua kwamba karibu nimuue. Unapoona unafanya kwa siri jambo la kumchunga umpendaye, simamisha mkono wako hapo hapo.

Mungu akupe mwenza wa kurudi kwako kwa hiari yake. Akupe masikio ya kupumzika, na usingizi usio na hesabu.

Furaha alipona. Pampu mpya ilifungwa, na akaenda mwenyewe kulichukua gari. Alikaa gerejini kwa fundi karibu saa nzima. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kabla ya kuwasha, hufungua kapo na kuangalia mafuta ya usukani. Nikimwambia nimsaidie, hujibu, "Acha, nitaangalia miye." Tumezeeka pamoja, na bado sijui siku ile alimuuliza nini Bisimwa.