Mtu wa Kumshika Ambindwile

Mzee Ambindwile wa Nkunga alipigwa kiharusi mwaka wa tisini na tatu, akiwa kwenye shamba lake la chai. Upande wa kulia ukafa ganzi wote. Alilazwa hospitali ya Makandana wiki saba, na Simon, mtu wa mazoezi, akamfundisha upya kusimama kati ya vyuma viwili. Siku ya kumruhusu alimwonya, "Mzee, mazoezi asubuhi na jioni, na mtu akushike kwapani. Ukiacha, mguu huo utakaza, hutatembea tena."

Mtu gani sasa? Mkewe alishazikwa. Mwanawe Lazaro, tangu biashara iwe ruksa kwa kila mtu, alikuwa haonekani, yuko na malori ya ndizi Dar es Salaam. Amoni, mzee mwenzake wa kanisa, alipita jioni kumwogesha, lakini naye mgongo wake mbovu. Nyumbani alibaki Tusekile, mke wa Lazaro, na huyo ndiye hasa asiyeweza kumgusa. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, baba mkwe na mkwewe wa kike hawatazamani wala hawaitani majina. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia kichakani. Miaka sita Tusekile aliweka chakula mlangoni, akakohoa, akaondoka. Mzee aliiona ni heshima tu, haigombani na Ukristo wake.

Basi akakaa kitini. Kila asubuhi aliomba, "Bwana, nitumie mtu." Wiki ya tano goti lilikuwa halikunjiki. Akaingiwa na hofu, hofu kweli kweli, ya kubebwa kwenda chooni mpaka kufa. Akapiga moyo konde, akajaribu peke yake. Hatua mbili, akaanguka puu! Uani, kwenye tope, na mvua ya Rungwe inamwagika.

"Bwana, nitumie mtu!" alilia, safari hii kwa hasira.

Alipoinua kichwa akaona miguu kwenye migomba. Tusekile, kanga usoni, analia. Alikuwa ameita majirani mpaka sauti ikamkauka. Kuja hawezi, kuondoka hawezi.

Lo! Mzee akajiona mpumbavu. Wiki tano anaomba mtu, na mtu yupo, kila siku anakohoa mlangoni na bakuli la uji.

"Mwanangu," akasema, "njoo uninyanyue. Mungu alishajibu zamani, mkaidi ni mimi."

Alikuja akitazama pembeni. Akamnyanyua kwa mikono yenye nguvu za jembe. Kesho yake akafunga mianzi miwili uani, mfano wa vile vyuma vya hospitali, na kazi ikaanza. Wanawake kisimani walisema waliyosema. Mzee aliutukana mguu kwa Kinyakyusa, akatubu, akautukana tena. Tusekile alihesabu hatua kwa sauti, na zaidi ya hapo hakumwambia neno: moja, mbili, tatu. Miezi mitano, na mzee hakulitaja jina la Tusekile hata mara moja.

Jumapili ya mavuno wazee waliitwa mbele kutoa shukrani. Ambindwile akainuka na fimbo yake. Amoni akaharakisha kumshika.

"Kaa, bwana. Yupo wa kunishika." Akageukia upande wa wanawake, akaita kanisa zima likasikia, "Tusekile!"

Watu wakaanza kunong'ona. Tusekile alishavuta kanga usoni kwa mazoea. Akaishusha, akatoka kwenye benchi, akaja akamshika kwapani.

"Moja," akasema.