Aliyekwenda Ufaransa Akarudi

"Mama Josias, ulisikia? Bamemfukuza."

Mama Peguy alisema hivyo akiwa amebana vibanio vya nguo mdomoni, pale kwenye kamba za kuanikia nyuma ya ghorofa lao la wakimbizi, mtaani Overport. Gloriose hakuuliza nani. Tangu Jumapili jengo zima lilikuwa na habari moja tu: Anicet, fundi baiskeli, ametoka Ufaransa.

"Bamemfunga pingu mpaka ndani ya ndege. Mtu anaingia Ulaya, halafu anarudi hapa mwenyewe? We, uliona wapi?"

"Alisema anaenda vakansi, kutembea tu," Gloriose alisema, akimpandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Vakansi!" Mama Peguy alicheka mpaka vibanio vikamdondoka. "Eish, mama, ungali mtoto."

Kweli Anicet aliaga hivyo. Alikuwa akitengeneza baiskeli katika duka moja la Berea, na mwaka ule wa 2012 wateja wake, wazee wa Kizungu waliostaafu, walipanga kwenda kuendesha baiskeli kando ya mifereji ya Ufaransa, wapite katikati ya mashamba ya mizabibu. Kifaransa hawakijui, mnyororo ukikatika wanabaki kuutazama. Basi wakamlipia nauli aende nao. Akahangaika na karatasi za safari za mkimbizi mpaka akazipata. Kila aliyemuuliza alimjibu: naenda kutembea, narudi.

Hakuna aliyemwamini. Katika jengo lile, kila aliyekwenda Ulaya kubaki alisema maneno hayohayo mpaka mlangoni mwa ndege. Hata mkewe Henriette alimkonyeza tu, akidhani anaficha siri kama mtu mzima. Kanisani Henriette akasimama akatoa ushuhuda kwamba Mungu amefungua mlango wa Ulaya na familia itafuata. Kisha akaanza kugawa vyombo. Gloriose alipata sufuria kubwa ya bugali.

Sasa Anicet yuko hapa. Na katika jiko ambalo familia zote za ghorofa ya pili zililitumia pamoja, Henriette alikuwa akipikia kwenye kikaango, uso umeelekea ukutani. Gloriose alishindwa kuvumilia, akaichukua ile sufuria akampelekea.

"Mama Glody, nimeirudisha."

"Kaa nayo."

"Sasa wewe utapikia nini?"

"Nimesema kaa nayo! Nilikupa mbele ya watu. Nikiichukua, nao wakiniona?" Henriette alifuta macho kwa kiganja, akasingizia kitunguu, na kitunguu hakikuwepo. "Angeniambia tu kwamba wamemfukuza. Mimi si mke wake? Ningenyamaza naye. Lakini ananitazama usoni, ati nimerudi kwa kupenda. Nani anarudi kwa kupenda? Jumamosi nachukua watoto naenda kwa dada yangu Johannesburg. Abaki na baiskeli yake."

Gloriose alirudi chumbani na sufuria yake mikononi, haya imemjaa kana kwamba ameiiba.

Chumba chake kilitazamana na ujia, kwa hiyo alimsikia Anicet kutwa nzima. Anaketi, anainuka. Anashuka mpaka kwenye robot, zile taa za njia panda, anaziona zinabadilika, anapanda tena. Anaichukua baiskeli anakwenda mbali mpaka mtaa wa Jacobs asikongojwa na mtu, anarudi shati limemgandia. Anafungua gurudumu, analifunga, analifungua. Hata akikaa kula, mguu wake ulizunguka chini ya meza kama bado unakanyaga pedali.

Alhamisi mchana alimkuta kwenye ngazi, gurudumu mapajani. Josias, mgongoni mwa mama yake, akanyoosha mkono kushika spoku. Gloriose alimwona yule mtu mzima anavyotazama, kama mtoto aliyetoka shule na nyumbani hamna wa kumuuliza kitu.

"Papa Glody, njia ya kule ilikuwaje?"

"Njia?"

"Ya baiskeli."

Anicet akamtazama kuona kama anamcheka. Kisha akaanza, polepole. Njia ni nyororo, inafuata maji. Iko milango ndani ya maji; mashua inaingia, wanaifungia nyuma, maji yanapanda, na mashua inapanda na mbwa wake juu mpaka mbwa anakutazama usoni, ndipo wanaifungulia mbele. Mizabibu imeshuka mistari mpaka karibu na mfereji, watu wameinama wanakata zabibu kama mama zetu kwenye maharage. Siku moja mzee mmoja alikunywa divai mchana, wakampoteza. Mke wake alilia akidhani ameanguka majini. "Tukamkuta chini ya mizabibu, kofia usoni, anakoroma!"

Gloriose alicheka. Anicet naye akacheka.

"Zénon alikuja kunitafuta kule. Binamu ya Henriette, anayekaa Ulaya. Alikuja na treni, ameniletea koti la baridi. Akaniambia, acha baiskeli hapo, twende. Koti lilinienea, Mama Josias. Lakini yeye mwenyewe mke wake iko kwetu Bukavu mpaka leo. Mtoto aliyemwacha tumboni anasoma shule, na anamjua kwa simu tu. Nikamrudishia koti lake." Akazungusha gurudumu kidogo, akalishika. "Kila kitu nilichoona, nilikuwa nakipanga namna ya kumwambia Henriette. Mbwa, mzee, vyote. Ningebaki, ningemwambia nani?"

Mguu wake ulikuwa umetulia. Juu, kwenye chumba chao, zipu ya sanduku ikavutwa mpaka mwisho. Anicet akasimama ghafla, akakaa tena.

"Kila mtu ananiuliza kwa nini nimerudi," alisema kwa sauti ya chini. "Nikifungua mdomo, Henriette anatoka. Naomba, Mama Josias. Leo jioni, tukiwa wote jikoni, akiwa na chakula motoni ambacho hawezi kukiacha, uniulize tena vilevile. Mambo ya kurudi usiyataje. Niulize tu njia ilikuwaje."